Tone Moja Juu ya Ziwa

Kila asubuhi, ukungu wa Butembo ukiwa bado umelala juu ya mabati, Jokébed aliketi ukingoni mwa kitanda na kufungua vifungo vya gauni lake. Alichukua kichupa cha kahawia kutoka chini ya mto, akakipindua, akangoja. Tone lilichelewa kama mtu asiyetaka kuamka. Lilivimba kwenye mdomo wa chupa, likang'aa, kisha likaangukia chuchu, moja tu, wala si mawili, na kabla halijateremka Shekinah alikuwa amekwisha kulidaka pamoja na ziwa lenyewe. Kichupa kikarudi chini ya mto. Kazi yote haikuzidi dakika moja, na kwa siku kumi na moja hakuna aliyeijua katika nyumba ile ila mama na mtoto.

Siku ya kumi na mbili pazia lilifunguka tone likiwa bado linaning'inia.

Mama Étienne, mama mkwe wake, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji wa ulezi. Siku nyingine alitangulia kusikika kabla ya kuonekana, akimwita mjukuu wake mbanda, yaani mke mwenza, na kumuuliza tangu sebuleni kama leo ameamka na hasira gani. Asubuhi hii alikuja kwa kunyata, akidhani wamelala. Aliona chupa. Aliona tone likianguka juu ya ziwa. Aliweka uji sakafuni, akavuka chumba kwa hatua mbili, akamwondoa mtoto kifuani kwa mama yake upesi, kama mtu anavyomwondoa mtoto karibu na jiko.

"Unapaka nini ku maziba?"

Jokébed alifungua mdomo. Alikuwa na diploma, aliweza kuandika barua ya kurasa mbili bila kosa hata moja, lakini mbele ya Mama Étienne maneno yalimkimbia yote.

"Ni vitamine D, Mama."

Mama Étienne alingoja. Alimtazama mdomo, akisubiri kipande kilichobaki.

"Vitamine de nini?"

"D tu."

"De tu." Mama Étienne aligeuza maneno hayo kinywani kama mtu aliyeuma jiwe kwenye maharage. "Mutu hasemake vitamine de, kisha ananyamaza. De nini? Malizia."

Kifaransa chake alikiokota sokoni, na kilimtosha kujua kwamba "de" ni "ya". Kitu hakiwezi kuwa vitamini ya, halafu basi. Kwake yeye, mtu anayekata sentensi katikati ni mtu mwenye jambo la kuficha. Jokébed alitaka kumweleza kwamba ni herufi, ile inayokuja baada ya C, lakini aliinamisha kichwa tu. Mama Étienne aliona kichwa kilichoinama, akadhani amepata jibu.

Alikifunga kichupa kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili. Alileta maji ya vuguvugu, akaliosha ziwa la mkaza mwana wake mara tatu, polepole, bila kumuumiza, kisha akamrudisha mtoto mahali pake. Halafu akavuta kiti kidogo na kuketi mbele yao, na hakuondoka.

Ukungu uliingia dirishani ukajaza chumba hadi kitanda kikawa kama kinaelea. Shekinah alinyonya macho yamefumba. Jokébed, ambaye tangu ajifungue hakuwa tena na mpaka ulionyooka kati ya usingizi na kukesha, alijiona yuko Beni, katika joto lile linalopanda toka ardhini, kwenye kile kituo cha afya chenye ua wa maua mekundu. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Alimwambia kwamba maziwa yake ni mazuri sana, asipunguze hata mara moja, mtoto ale hayo tu. Ila maziwa ya mama, hata yawe mengi namna gani, hayabebi vitamini hiyo ya kutosha. Mwili huitengeneza kwa jua, na mtoto mchanga haanikwi juani kama mahindi. Huyu tena alitangulia kuzaliwa wiki tatu kabla ya siku zake. Mifupa yake inataka kusaidiwa. Basi tone moja kila siku, huko Butembo mnakokwenda kumfunika mablanketi. Katika usingizi wake mwepesi Jokébed aliona tone likipanuka, likawa duara la manjano lililotanda ukutani, na mtoto akilielekea kwa mdomo wazi.

Étienne, mume wake, alikuwa amemwambia kwenye simu amweleze Mama. Yeye akaitika. Lakini jioni ile ya kwanza walipofika Butembo, Mama Étienne alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya majirani wa kanisa, akasema mjukuu wake amefika kwenye kisima cha maziwa kisichokauka. Baada ya sifa kama hiyo, nani atatoa kichupa? Ingekuwa kama kusema kisima kina tundu. Akakificha chini ya mto.

Tena kulikuwa na jambo lingine, lililomlemea kuliko kichupa. Jumamosi, Posho kama wanavyoiita Butembo, Étienne angekuja kuwachukua. Yeye ni mwalimu, hutoka alfajiri kwenda shule yake katika mtaa wa Beu, huko Beni, na kurudi jua limepinda. Mama yake Jokébed alikuwa amerudi Kindu zamani, siku ile baba, karani wa serikali, alipohamishwa tena. Jokébed alitaka Mama Étienne aende nao Beni. Alilitaka neno hilo tangu wiki ya kwanza, akalipanga vizuri kichwani kila asubuhi, na kila asubuhi likabaki humo humo. Sasa nani angelisikia?

Karibu na saa sita ukungu ulipasuka, na mikaratusi ikaonekana kule ng'ambo. Mama Étienne alianza kusimulia, naye hakumtazama Jokébed bali miguu ya mtoto. Alisema enzi zile alikuwa na biashara ya viazi. Alivitoa Kipese, akavipeleka soko la Alimbongo, na Étienne mgongoni alikuwa mzigo juu ya mzigo. Alikuwa na miezi saba. Wenzake walimwonyesha njia: saga kinini, ile dawa chungu ya malaria, paka kwenye chuchu, siku mbili tu anaacha mwenyewe. Akapaka. Mtoto alikuja anacheka, akanyonya mara moja, akaachia. Hakulia. Alimwangalia tu mama yake usoni, muda mrefu, kama mtu anayemtafuta mtu mwingine. Kisha akamgeuzia kisogo, akatambaa kwenda kwa mama yake mdogo, na msimu mzima wa viazi ukapita kabla hajakubali tena kulala kifuani kwake.

"Ule mutoto aliniangalia," alisema Mama Étienne. "Sasa wa kwako hata hajajua kuangalia. Na Posho unaenda."

Hapo ndipo Jokébed alipoelewa. Alikuwa kitinda mimba. Hakuwahi kuona mtoto akiachishwa ziwa, wala hakuwa na habari kwamba katika vilima vile mwanamke hapaki kitu kwenye chuchu ila kwa shabaha moja. Aliona alichokiona mama mkwe wake asubuhi: chupa, mtoto wa wiki tano, na mama anayetaka kuondoka mwepesi Jumamosi na kumwachia bibi mtoto aliyekwisha kuchukizwa na maziwa. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini safari hii haya ile ilimsukuma.

"Lete chupa, Mama. Na kidole."

Mama Étienne alisita, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Jokébed alikipindua kichupa juu ya kidole chenye kovu la jembe. Tone lilichelewa kama kawaida yake. Mama Étienne alilipeleka ulimini, akafumba macho na kukunja uso mapema, akingoja uchungu aliokuwa anaufahamu. Alingoja. Uso ulikunjuka pole pole.

"Haiko uchungu."

"Hapana, Mama."

"Iko kama mafuta. Kama maji ya muwa kidogo." Alilamba kidole tena. "Sasa mbona ulijificha kama mwizi wa kuku?"

"Niliogopa utazania maziba yangu haitoshe."

Mama Étienne alicheka kicheko kifupi cha puani. Alisema mbanda wake anavuta maziwa ya watu wawili, na hayo yakitoka mpaka kwenye shuka yatapungua namna gani? Alimweka mtoto vizuri kwenye mkono wa mama yake, akalishika ziwa yeye mwenyewe kwa vidole viwili, akaamuru tone lishuke. Likashuka. Shekinah akalidaka bila kufungua macho.

Jua lilikuwa limefika kwenye mto wa kitanda, na vumbi lilizunguka ndani yake bila haraka. Mama Étienne alifunga kizibo, akakisukuma kichupa upande wa Jokébed.

"Beba na chupa yako," alisema. "Posho iko karibu. Nitawafungia viazi na majani ya karoti na—"

"Mama."

Sauti haikuwa kubwa, lakini Mama Étienne aliinua macho.

"Sitaki kuenda na mutoto peke yangu. Étienne anashindaka ku masomo, mi nabaki na ule mutoto, akilia sijui analilia nini. Naogopa. Nilikuwa nataka kukuomba tangu mwanzo, lakini sikupata namna. Kuya na sisi Beni, Mama. Nakutaka weye."