Mbuzi Saba wa Madamu Akello

Madamu Akello Harriet alifundisha darasa la tatu miaka ishirini na mmoja katika shule ya binafsi huko Iyolwa, na muda wote huo alikuwa mwalimu wa mkataba. Miaka mitatu ikiisha, anapewa mkataba mwingine. Ulipoisha wa saba akaambiwa umri umekwenda, apumzike, na nyumba ya shule aiache mwisho wa mwezi.

Hakubabaika. Kila mkataba ulikuwa na kipengele cha kiinua mgongo, naye hakuwahi kuchukua hata shilingi. Huko Merikit alikuwa amesimamisha kuta za vyumba viwili, na paa lilikuwa linangoja kiinua mgongo hicho. Mume alishakufa. Mahali pengine pa kwenda hakuwa napo.

Alipokidai na shule ikakaa kimya, akashtaki kwenye ofisi ya kazi, Tororo. Afisa aliyempokea aliitwa Bartholomew, kijana mpole aliyekabwa na tai. Yeye shule ilikuwa imemjibu. Akapanga karatasi saba mezani.

"Madam, hii sahihi si yako?"

"Ni yangu."

"Na hii?"

"Yote yangu."

Karatasi zote zilisema neno moja: niliyetia sahihi hapa nimepokea stahili zangu zote za mwisho wa mkataba, na sina dai.

"Aa, hapana," Akello akasema, karibu acheke. "Hiyo ni karatasi ya mbuzi."

Kila mkataba ulipoisha, mwenye shule, Bwana Maloba, alikuja kutoka Busia na mbuzi aliyefungwa utepe shingoni. Ni siku ya wazazi, uwanja umejaa, jina linaitwa. Akello anapiga magoti, maana kwao mwanamke hapokei kitu amesimama. Mkono mmoja unashika kamba, mwingine unatia sahihi juu ya faili aliloshikiwa na Maloba mwenyewe. Vigelegele vinapigwa, mbuzi anavuta. Sasa nani, amepiga magoti hivyo, ataanza kusoma? Wazazi wangesema madamu anakagua zawadi, hana shukrani. Maloba alilijua hilo vizuri, mwizi yule mwenye meno meupe. Adabu ya watu ndiyo aliyowategea.

"Mimi nilikuwa nafikiri ile mbuzi ni asante tu, mwanangu," Akello akasema. "Na ingine hata haikumaliza wiki, ikakufa."

Bartholomew akajikuna shingo. "Kama ulikuwa hujui kusoma, sheria ingekusaidia. Mtu hajui kusoma, karatasi hawakumsomea, hiyo sahihi inakufa. Lakini wewe, madam..." Akaitazama fomu ya madai, kurasa mbili alizozijaza Akello asubuhi ile kwa mwandiko ulionyooka kama wa ubaoni.

"Kwa hivyo nakosa pesa yangu juu ya kujua kusoma?"

"Unakosa juu hukusoma."

Hakulisema kwa ubaya, na hapo ndipo lilipouma. Miaka ishirini na mmoja Akello aliwaimbia watoto wa watu: soma swali kwanza, ndipo ushike kalamu. Waliokaidi aliwachapa. Aibu ikampanda usoni, kisha hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuishukia, maana Maloba alikuwa Busia anakunywa chai yake na huyu kijana hakuwa na kosa.

"Nafanya nini sasa?"

"Koti iko, jaji anaweza kukusikiliza. Lakini wakili anataka pesa mbele." Bartholomew akainamisha macho, akamsogezea karatasi nyingine. "Hii ni ya kuonyesha tumekueleza, na faili tunafunga. Weka sahihi hapa chini."

Akello akavaa miwani. Akaisoma karatasi ile neno kwa neno, kidole kikifuata mistari, hata anwani ya ofisi, hata namba ya simu pale chini. Watu waliopanga foleni nyuma yake wakaanza kuguna. Alipofika mwisho akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akatia sahihi.