Filta Kutoka Ghala la Nansha

Jumapili baada ya ibada, Vedasto alichomoa filta kwenye redio koli mbovu iliyotupwa na ghala moja la Wachina kwenye bandari ya Nansha. Ilikuwa kidude cha bati chenye kipande cha kristali ndani. Vedasto alikuwa mwanafunzi wa mawasiliano, na redio za kusikilizia watu wanaozungumza hewani kwa kujifurahisha alijitengenezea mwenyewe kwa vipuri vya mitambo mibovu. Filta nzuri hupitisha ukanda mwembamba wa mawimbi na kuzuia mengine yote. Hii, alipoifunga kwenye redio yake, ilipitisha sauti ya Jonas peke yake, aliyezikwa nyumbani Sengerema mwaka jana.

“Niko ndani huku,” alisema Jonas. “Fungueni.”

Vedasto alilehemu upya waya mmoja uliolegea, kisha akampigia simu Dainess, dada yake Jonas, anayenunua jinzi za biashara kwenye soko la Shahe. Dainess alikuja na wali na samaki. Akasikiliza.

“Koo limemkauka,” alisema. “Nilimwambia awe anabeba maji.”

Familia iliambiwa Jonas alikufa kitandani, kwa moyo. Tangu hapo mama yao aliacha chumvi, na shule zikifungwa huwapeleka wajukuu kupimwa, maana aliambiwa ni ugonjwa wa ukoo. Lakini Jonas alikuwa mkanyagaji. Wafanyabiashara wanapochangia kontena, mtu mwembamba huachwa ndani akanyage marobota yashikane, kisha hutambaa juu ya mzigo na kutokea mlangoni. Siku ile marobota ya viatu kutoka soko la Zhanxi yaliongezwa dakika za mwisho. Jonas alilieleza hilo taratibu, kama anayetoa taarifa ya kazi: pengo limezibwa, mlango umefungwa, joto ni kali. Kontena lilipofunguliwa tena, wapakiaji walimtoa akiwa amekufa, wakamlaza kitandani, ndipo karatasi ya kifo ikaandikwa.

Walimwita Abednego, wakala aliyepakia kontena lile. Alipitia hapo akielekea ghalani, tai ya kanisani shingoni, redio koli kiunoni.

“Ndiye,” alisema. “Huyu hata akiwa hai alikuwa haishiwi maneno.”

“Mwambie mama yangu kwamba ulimfungia,” alisema Dainess.

“Dada yangu, karatasi imeshasema moyo. Laoban, tajiri mwenye ghala, akisikia, atanifukuza. Na mizigo yenu nyie itapitia wapi?”

“Basi mwambie Jonas mwenyewe. Anawaita nyie mliofunga, haniiti mimi. Hii redio ya Vedasto inapokea tu. Ya kwako inaongea.”

“Nimwambie nini?”

“Kwamba amekufa. Na kwamba ni wewe.”

Abednego aliichomoa redio kiunoni, akasafisha koo, akabonyeza.

“Jonas, bosi hapa. Subiri kidogo, tunakuja.”

Ukapita mkwaruzo mfupi.

“Sawa, bosi,” alisema Jonas kwa sauti ya mtu aliyetulia. “Nasubiri.”

Hakuita tena. Abednego alikula wali, akasifia samaki, akaondoka kuwahi gari la mzigo.

“Nizime?” aliuliza Vedasto.

“Utamzimaje mtu aliyeambiwa asubiri?”

Kwenye spika ilisikika pumzi tu, ndefu, bila haraka. Dainess alisogeza kiti karibu, akasubiri naye.