Usichoweza Kula, Usipake

“Onja!” Mama Sheila alikuwa amesimama mlangoni kwa Wawira, kopo la krimu mkononi. “Si ni wewe hutuambia usichoweza kula, usipake? Haya, onja!”

“Mama Sheila, tuongee ndani. Watu wanaangalia.”

“Waangalie! Uso wa mtoto wangu si wanauangalia?”

Na kweli tulikuwa tunaangalia, ploti nzima. Mimi niliacha nguo kwenye beseni, siwadanganyi. Hapa Majengo ugomvi haupitwi. Hata Kithinji wa bucha alikuja mbio na kisu mkononi, ikabidi tumwambie akirudishe kabla hatujafungwa sote.

Wawira alitujia Meru kutoka Kanja na brashi tano, akipamba maharusi. Baadaye akaanza kutengeneza krimu yake: avokado za shamba la mamake, makadamia, nta ya nyuki, basi. Kabla ya kukuuzia alichovya kidole akalamba. Sisi wa huku mlimani tunajua maana yake: anayekupa uji huonja kwanza, ujue hauna sumu. Kule kulamba ndiko kulikomjazia wateja.

Halafu mwaka huu maneno yakaanza, na mimi sikosi yangu humo, kwamba krimu ya Wawira ni nzuri lakini haing’arishi. Mwezi uliopita akatoa makopo ya kifuniko cha dhahabu. Sheila alipaka, akang’aa wiki moja, tukamsifu. Wiki ya pili ngozi ikaanza kutoka kama ganda la kiazi. Sasa jicho moja halifunguki.

“Lamba tu, dada, tuende kazi,” Kithinji akasema. “Kama ni avokado, mimi nitamalizia na chapati.”

Watu wakacheka. Wawira akachovya kidole, akakiinua. Kikafika karibu na mdomo, kikasimama hapo. Hakuna aliyecheka tena. Akakipangusa kwenye leso.

“Hii siwezi,” alisema. “Nilitia mkorogo wa kuchubua ngozi. Mlikuwa mnanihama.”

Nilidhani watampiga. Afadhali wangempiga. Waliondoka mmoja mmoja, na kila aliyefika kwake alitoka na kopo lake, hata yale ya zamani yasiyo na kosa, akaliweka chini mbele ya mlango wa Wawira. Mimi pia niliweka langu.

Wawira akakaa katikati ya makopo hayo mpaka jua likapinda.

Ndipo mlango wa Mama Sheila ukafunguka. Alikuwa na sufuria ya githeri.

“Wawira. Njoo ule.”

“Sina njaa, mama.”

“Sijakuuliza njaa. Sheila yuko mezani. Utaketi mbele yake, umwangalie.”

Akachota kijiko cha githeri, akatafuna, akameza, sote tukimwona.

“Changu nimeonja,” alisema. “Ingia.”