Mpira Wenye Mkia

Fundi cherehani alijisifu mtaa mzima kwamba jicho lake linaweza kumhesabu siafu meno. Kwa hiyo mpira ulipoanza kuburuta mkia wa ukungu kwenye televisheni ya nyumbani, lawama alizijua pa kuzipeleka.

"Hii inabadilisha picha mara sitini tu kwa sekunde," alimwambia mkewe. "Tununue ya mara mia na ishirini, mama, uone mpira unavyotakata."

Dukani muuzaji akawasha mbili, mechi ileile. "Haya bosi, ya kasi ni ipi?"

"Ya kulia! Hata kipofu anaona."

"Hiyo ndiyo ya sitini, bosi wangu."

Fundi akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kulia mpira ulikuwa na mkia, kushoto mkia. Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Namba zake nazo zilikuwa zimefunikwa na ukungu uleule. Kumbe ukungu aliingia nao mwenyewe. Na mtu anayekula kwa tundu la sindano, kesho atakula nini?

"Aa, sasa nimeona," akasema, akicheka kicheko kikavu. "Tofauti ni kubwa. Nifungie ya kushoto."

Mkewe akamshika mkono. "Baba watoto, usinunue kitu. Pindo unazoshona, kila asubuhi nazifumua na kuzishona upya kabla wenyewe hawajaja. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."