Mama Euless na Ukoo wa Sutton

Joyceline alipoacha kuvaa saa yake, mama yake aliona siku hiyo hiyo. Alimmiminia chai, akamkatia mkate, akautazama ule mkono wa kushoto jinsi mtu anavyotazama ukuta uliotolewa picha.

Saa yenyewe haikuwa ya kujulia wakati tu. Wao ni Wasabato, na katika kanisa lao wasichana hawavai pete. Mchumba akitaka kuonyesha nia yake, huleta saa. Rogers, kijana wa Kimarekani asiyejua Kisii iko upande gani wa dunia, aliambiwa hivyo mara moja tu. Akaenda kununua saa ya ukanda mwembamba wa ngozi, akaileta mwenyewe nyumbani kwao, mjini Euless huko Marekani, akapiga goti kwenye zulia mbele ya Joyceline, mama mtu na sufuria ya ugali. Mama huyo, Mama Clara, alimpenda papo hapo. Kijana mwekundu, masikio makubwa, anakula managu, mboga chungu za kwao, bila kubembelezwa. Basi akamuuliza lile swali ambalo mzazi yeyote wa kwao huuliza hata kabla ya kuuliza kazi.

"Na kwenu mnaitwa akina nani, mwanangu?"

"Sutton," Rogers akasema, meno yote nje.

Mwiko ukamponyoka Mama Clara.

Maana Clara, kifungua mimba wake, alikuwa ameolewa Houston, na aliyemwoa ni Sutton. Watoto wake ni akina Sutton. Hata kwenye sanduku lake la barua pameandikwa Sutton. Na nyanya aliyemlea Mama Clara alikuwa na neno moja lisilo na mlango wa nyuma: dada wawili hawapiki katika boma moja. Mmoja akikosana na wakwe, mwingine atasimama upande gani? Mama yao akija kutembea, atakuwa mgeni wa nani? Nyanya alikuwa na mifano mingi, na yote iliishia kwa vilio.

"Lakini mum," Joyceline alimwambia jioni ile, Rogers akishaondoka, "huku Sutton si ukoo. Ni jina tu. Nimewauliza wote wawili, hawajuani kabisa."

"Mmarekani hajui hata jina la babu wa babu yake. Kutojua si kutokuwa."

"Mum, haki! Mmoja ni mweusi, mwingine ni mzungu!"

"Hiyo ni ngozi. Mimi nimeuliza ukoo."

"Na mmoja ni wa Houston, mwingine ni wa Fort Worth."

"Hata sisi tuko Kisii, tuko Nairobi, na Minneapolis tumejaa mpaka theluji inatujua. Kwani tumeacha kuwa watoto wa mtu mmoja?"

Angekuwa Clara, hapo pangekuwa na kelele za kuamsha jengo zima. Joyceline yeye hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakomtesha mama yake. Tangu baba yao, mzee Onyancha, alipofariki, msichana huyu hajawahi kumkaidi mama yake hata kwa jambo dogo. Wiki haikuisha, saa ikawa haipo mkononi.

"Nimemwambia Rogers asiningoje," akasema, anaosha vikombe. "Siwezi kuolewa ilhali wewe umeinamisha kichwa."

Mama Clara akaenda chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alimweleza Mungu habari yote, kana kwamba Mungu hakuwapo siku ya ugali. Alikuwa na binti wa miaka thelathini na minne, muuguzi, mpole, na mume mwema amepatikana. Je, avunje neno la nyanya, ama avunje moyo wa mtoto? Alipoinuka, aliamua kwamba kabla ya kuvunja lolote atachunguza.

Na kwa kuchunguza, kazi yake ilimfaa. Mama Clara alikuwa akisukuma viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege, akiwachukua wazee na wagonjwa kutoka mlango wa ndege hadi kwa wenyewe. Jina la abiria hujitokeza kwenye simu ya kazini. Miaka yote hiyo majina yalikuwa yakimpita kama upepo. Sasa akina Sutton wakaanza kuota kama uyoga baada ya mvua.

Wa kwanza alikuwa mzee wa buti za wachunga ng'ombe, kofia pana.

"Wewe ni Sutton wa wapi, baba?"

"Oklahoma."

"Unawajua wale wa Houston?"

"Simjui mtu Houston, na sitaki."

Mama Clara akatikisa kichwa. Huyu amekosana nao, akawaza. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Jamaika mwenye kofia ya maua, aliyemweleza habari za Sutton wa kwao mpaka wakafika mahali pa kuchukulia mizigo, na bado akawa hajamaliza. Wa tatu alikuwa mchezaji mpira aliyevunjika mguu. Huyo alicheka tu.

Twalibu, Mtanzania wa Tanga aliyefanya naye kazi zamu moja, alimvumilia siku kadhaa. Mwishowe akamsogelea na kiti chake kitupu.

"Mama Clara, siku hizi umehamia idara ya uhamiaji?"

"Nyamaza, Twalibu. Natafuta ukoo wa watu."

"Hao watu hawatafuti ukoo, mama yangu. Wanatafuta choo. Wapeleke kwanza, ndipo uwahoji."

Na kweli yule wa Jamaika alikuwa amekiulizia choo mara mbili.

Aliyemchanganya zaidi ni mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Alifurahi kuulizwa, kama mtu aliyeletewa chai. Akasema Sutton kwa Kiingereza cha kale maana yake ni shamba la kusini, au makazi ya kusini. Mahali popote palipokuwa na kijiji, pale walipoishi watu wa upande wa kusini paliitwa Sutton. Sehemu za jina hilo zimetapakaa Uingereza kote.

Mwingine angetulia hapo. Mama Clara alisikia neno moja tu: shamba. Shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ana wana! Kumbe ni kweli wana kwao, na kwao ni shambani, upande wa kusini. Usiku huo aliomba tena, akamwambia Mungu ya kwamba anazidi kubanwa.

Ikabaki njia moja. Aende Houston, amuulize mama mkwe wa Clara uso kwa uso, maana neno la ukoo haliulizwi kwa simu. Akafunga unga wa wimbi na majani ya chai ya nyumbani, kwa kuwa haendi mtu kwa mkwewe mikono mitupu. Joyceline akaomba ruhusa kazini. Wakaondoka Ijumaa asubuhi, ili Sabato isiwakute barabarani.

Ilikuwa safari ya kimya. Malori yakiwapita, misonobari ikaanza kuwafuata pande zote mbili.

"Ni saa ngapi?" mama akauliza kwa mazoea.

Joyceline akautazama mkono wake mtupu, kisha akasoma kwenye dashibodi. "Saa tano na kitu, mum."

Mama Clara akageukia dirisha. Hakuuliza wakati tena mpaka Houston.

Siku ya Sabato Clara aliwapeleka kanisani, kule mtaa wa Gulfton, ambako Wakongomani, Warundi na Wakenya huabudu pamoja kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Baada ya ibada ni chakula, na mwenye jiko ni Gaudence, mama Mkongomani mwenye mikono minene na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Mama Euless amefika! Karibu, Mama Euless!"

Hapo Gulfton hilo ndilo lilikuwa jina lake, tangu alipokuja mara ya kwanza kumlea mjukuu. Nyumbani Euless hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Euless kila mtu ni wa Euless. Huwezi kumwita mtu kwa jina la mahali mlipo nyote. Huko yeye ni Mama Clara. Lakini alikuja huku, watu wakaulizana ni nani yule, wakajibiana ni yule mama wa Euless, basi. Jina likamkaa kama kanga iliyozoeleka.

Akaketi, akapewa sahani. Mara Gaudence, anayekoroga majani ya muhogo, akapaza sauti kutoka jikoni:

"Mama Euless! Njoo uonje hii sombe, useme kama chumvi imefika!"

Mama Clara akainuka. Na upande wa pili wa ukumbi akainuka mwanamke mwingine, mrefu, mwembamba, kitenge cha buluu. Wakakutana katikati, mbele ya sufuria, wakatazamana.

"Ameniita mimi," Mama Clara akasema.

"Samahani, mama, nilifikiri ni mimi. Huku wananiita hivyo."

Gaudence akashika kiuno, mwiko mkononi. "Eh! Kumbe nimepata wawili! Huyu ni dada yako? Mbona hamfanani? Mmoja mlingoti, mwingine mtungi!"

Ukumbi ukacheka.

"Dada yangu wa wapi!" Mama Clara akajitetea. "Simjui! Sijamwona tangu nizaliwe! Mimi ni Mkisii."

"Na mimi nimezaliwa Uvira," yule mwingine akasema, naye anacheka. "Tulihamia huku kutoka Euless mwaka huu tu. Mume wangu alikuwa anapakia mizigo kule uwanja wa ndege."

"Sasa kama hamjuani, kwa nini nyote mnaitwa Mama Euless?"

"Si ninyi mliotuita!" Mama Clara akasema. "Tumetoka Euless, ndiyo sababu! Kwani kutoka mahali pamoja ni kutoka tumbo moja?"

Akasikia maneno yake mwenyewe. Kijiko cha sombe kikasimama hewani.

Akamtazama yule mwanamke mrefu. Jina hili lingeshika, watoto wa huyu wangeandikwa shuleni kwa jina la Euless, na wake wangeandikwa Euless. Wajukuu wangerithi, na wajukuu wa wajukuu. Halafu siku moja mama fulani, mcha Mungu, mwenye neno la nyanya yake moyoni, angesikia jina hilo mbele ya sufuria ya ugali na kuangusha mwiko. Na watoto wasio na hatia wangevuliwa saa mkononi! Tena Euless ni moja. Hizo Sutton, yule mzee wa miwani alimwambia kwa kinywa chake, zimetapakaa nchi nzima. Kila shamba la kusini lilitoa mtu wake, akafika ugenini, watu wakaulizana ni nani yule.

Alianza kucheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

"Pilipili?" Gaudence akauliza kwa wasiwasi.

"Hapana, mama. Chumvi imefika. Kila kitu kimefika."

Hata hivyo, Mama Clara si mtu wa kurukia furaha. Alikuwa amekuja kuuliza, na angeuliza. Jumapili asubuhi wakaketi barazani kwa Bibi Sutton, mama mkwe wa Clara, mjane kama yeye, na chai ya barafu yenye sukari ya kuamsha maiti. Unga wa wimbi ulipokewa kwa mikono miwili. Clara akawa mkalimani, maana neno la ukoo Mama Clara hakutaka kulivunjavunja kwa Kiingereza chake cha kazini. Mama Clara akaeleza kwamba Joyceline amechumbiwa na Sutton mwingine, kisha akauliza: jina hili la Sutton, asili yake ni wapi?

Bibi Sutton akaweka glasi chini.

"Mwambie mama yako hivi," akasema polepole. "Sisi hatukulitoa kijijini. Watu wa mume wangu walinunuliwa Georgia na mtu aliyeitwa Sutton. Walipoachwa huru wakaulizwa jina, na hilo ndilo walilokuwa nalo. Kijiji chao kilikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyebaki wa kulikumbuka."

Clara alitafsiri nusu tu. Mama yake alikuwa ameshaelewa. Akauchukua mkono wa Bibi Sutton, akauweka kwenye magoti yake.

"Na huyo kijana?" Bibi Sutton akamgeukia Joyceline. "Wa kwao wametoka wapi?"

"Babu yake alitoka Uingereza kwa ndege, bibi, kuja kuunda ndege Fort Worth."

"Kwa ndege! Basi alitukuta hapa zamani sana. Huyo si wa kwetu." Akainua glasi. "Lakini mama yako aliogopa nini hasa?"

Clara akamweleza lile neno la nyanya, dada wawili na boma moja. Bibi Sutton akacheka mpaka kiti kikalia.

"Mwambie aondoe hofu! Jikoni kwangu, huyu Clara mmoja tu bado sijamruhusu kugusa jiko!"

"Hiyo sitafsiri," Clara akasema.

"Nimesikia," mama yake akasema. "Na ana haki. Wali wako nimeuonja."

Waliondoka baada ya chakula cha mchana. Joyceline aliendesha kimya, lakini safari hii kimya chake kilikuwa kama cha mtu anayengoja mlango ubishwe. Houston ikabaki nyuma, misonobari ikarudi. Mama Clara akakunja mikono juu ya mkoba wake.

"Ni saa ngapi?"

Joyceline akatazama dashibodi. "Saa tisa na—"

"Sikuuliza gari."

Joyceline akamtazama.

"Angalia mbele, utatuua! Nimeuliza saa yako inasemaje."

Kituo cha mafuta kilikuwa karibu. Joyceline akaingia, akaegesha vibaya, akavuta mkoba wake kiti cha nyuma. Saa ilikuwa humo, imefungwa kwenye kitambaa safi, na bado inatembea. Alijaribu kuifunga; ukanda ukakataa kuingia.

"Lete hapa," mama akasema. Akaufunga yeye mwenyewe, tundu la pili, akaugeuza mkono wa binti yake juani ili aone vizuri.

"Sasa mpigie simu huyo wa shambani kusini," akasema. "Aje na wazee wake. Na awaambie kabisa, managu watakula."