Pete Isiyo na Kitako

Evode alikuwa mhunzi wa Karuba, kijiji cha vilimani, na mwaka 1954, alipomwoa Libérata, alimtengenezea pete ambayo watu wa vilima vile hawakuwahi kuona mfano wake. Aliifua kwa chuma cha springi ya lori bovu, akaacha mwanya kati ya ncha zake mbili, na ndani ya kila ncha akachonga mfuo mwembamba. Kisha akaitanua pete kwa kabari, akaliweka jiwe mwanyani, akaichomoa kabari. Chuma kikaling'ata jiwe. Chini hapakuwa na kitako, juu hapakuwa na kucha za kulishika. Mwanga uliingia huku ukatokea kule, na Libérata alipokuwa akichambua maharagwe ungedhani tone la maji limesimama hewani juu ya kidole chake.

Jiwe lilikuwa almasi, diama kama walivyoiita pale. Evode aliliokota Walikale, karibu na Kashebere, alipopelekwa kwa nguvu kuchimba barabara, akalileta nyumbani limeshonewa ndani ya pindo la kaptula, kwa sababu aliyekutwa na jiwe kama lile alifungwa. Watu walipouliza, Libérata aliwaambia ni kipande cha chupa. Ukweli waliujua yeye, mumewe na kaka yake Ndayambaje, basi.

Mwaka uliofuata akapata mimba. Ilipokaribia kutimia alianza kuvimba, kwanza miguu, halafu uso, halafu mikono, mpaka pete ikazama ndani ya nyama. Kichwa kilimuuma, macho yakaona ukungu. Walitaka kumpeleka hospitali, lakini mvua ilikuwa imebomoa njia. Asubuhi uchungu ulipomshika, shangazi yake Nyirabagenzi, aliyezalisha wanawake wa pale, aliushika mkono wenye pete akaona kidole kimekuwa cheusi.

"Evode, leta tupa yako. Kidole yake iko inakufa."

"Hapana," Libérata akasema. "Ukikata chuma, diama itaruka. Itapotea."

"Ipotee tu, Mama," Evode akamwambia.

"Ndiyo kitu ulinitengenezea mimi peke."

"Nitakutengenezea ingine."

Hakuwa na jiwe lingine, na mkewe alijua. Evode akaanza kusugua tupa taratibu, kidole gumba chake kikiikinga ngozi ya mkewe. Libérata aliangalia paa. Chuma kilipokatika kililia kidogo, jiwe likaruka, likaangukia mahali fulani kwenye nyasi za kitandani. Hakuna aliyelitazama.

Mchana mtoto akazaliwa, msichana mdogo mwenye nywele nyingi. Libérata alimwona, akamgusa shavu. Kisha mwili wake ukaanza kutetemeka, meno yakakazana, na hakuzinduka tena.

Wanawake walimwosha, wakamlaza kwenye mkeka upande wa pili wa chumba. Evode alitoka kutafuta mbao za sanduku. Aliporudi alimkuta Ndayambaje amepiga magoti kando ya kitanda, anazichambua nyasi zenye damu, machozi yakimtiririka.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Natafuta diama. Dada yangu hataivaa tena. Itasaidia sisi wote, hata ule mutoto."

"Libérata iko hapa. Hatujamuzika."

"Najua."

"Unajua, na mikono yako iko mu damu yake?"

Ndayambaje aliinamisha kichwa, lakini mikono haikuacha. Ndipo Evode alipozikumbatia nyasi zote, akatoka nazo kwenye mvua, akateremka bondeni kwenye mto uliofurika, akazitupa. Ndayambaje alimfuata akipiga kelele. Aliingia majini hadi kiunoni, akarudi na nyasi chache mkononi, akakaa ukingoni akilia kama mtoto. Kwenye mazishi walisimama mbalimbali, na tangu siku ile hawakusemeshana.

Pale kilimani hapakuwa na mama wa kumnyonyesha mtoto. Maziwa ya ng'ombe aliyatapika. Evode akamfunga kifuani kwa kitambaa, akaelekea Kashebere kwa dada yake Godelieve, aliyekuwa na mtoto mchanga. Njia iliacha malisho ikazama msituni. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akabaki kufungua mdomo tu.

Godelieve alimpokea mtoto mlangoni bila salamu, akamweka kifuani.

"Iko na jina?"

"Bado."

Mtoto alilishika titi, akaliachia, akalishika tena. Evode alikaa chini na matope yake, akawa anasikiliza anavyomeza.