Maua ya Emérita na Maziwa ya Gaju

Mwaka wa hamsini na tatu kaka yangu Narcisse alikuwa anamwoa Emérita, binti wa wakulima wa ng'ambo ya kilima chetu hapa Masisi. Sisi ni watu wa ng'ombe. Miezi yote ya uchumba mama yetu, Nyirakamana, hakumwambia msichana yule zaidi ya "jambo" na "kwaheri". Siku moja Emérita aliniuliza waziwazi mimi, Kamaliza, "Kamaliza, mama yenu ananitaka ao hanitaki?" Nami, mwenye mdomo usio na breki, nikamjibu kwamba hata mimi sijui.

Siku moja kabla ya harusi alituletea dalia nyekundu, maua ya bustani yake, azishike kanisani, kwa kuwa kanisa lilikuwa karibu na kwetu. Alikata vikonyo mshazari, akapukutisha majani ya chini, akazitia katika jagi la maji safi.

"Mama, muniwekee fasi ya baridi," akaomba. "Maji ikichafuka, mubadilishe."

Mama akaitikia kwa kichwa tu.

Asubuhi Emérita alipofika kuvaa, dalia zote zilikuwa zimeinamisha vichwa kama walevi. Nyumba ilinuka uchachu. Ndani ya jagi kulikuwa na maziwa, tena yameganda.

Uso ulimshuka maskini. Mimi nikawaka.

"Mama! Nani ametia maziwa kwa maua ya bibi-arusi? Unataka ndoa ivunjike?"

"Ni miye," Mama akajibu, tena kwa fahari. "Maziwa ya Gaju, ya kukamua mangaribi. Maji tunapatiaka muntu wa kupita njia. Maua ya mutoto wangu, nitaipatia maji?"

Mutoto wangu! Maziwa ya Gaju, ng'ombe wake mpenzi, hata Narcisse hayapati ovyo.

Emérita alicheka huku machozi yakimtoka. "Maua hainywake maziwa, Mama." Akaosha vikonyo, akavikata upya, akavitia katika maji. Dalia chache zikanyanyuka, nyingine zikakataa kabisa.

"Sasa maziwa yenye imebakia nitaipeleka wapi?" Mama akanung'unika, mkononi kibuyu cha yale yasiyotiwa jagini.

"Munipatie miye."

Alikunywa amesimama, gauni jeupe alilokwisha kuvaa amelikunja asilichafue, mpaka tone la mwisho. Povu likabaki juu ya mdomo wake. Mama akavuta ncha ya kitenge chake kipya, kile alichokitunza kwa ajili ya kanisa, akamfuta polepole kama alivyotufuta sisi tulipokuwa wadogo.